Hilo Nalo Linathibitisha

Kuna kauli moja ambayo nikiisikia kwenye mazungumzo ya siasa hunitia hofu kuliko matusi. Naisikia hapa Mazimbu, Morogoro, kwenye kijiwe cha kahawa, kwenye daladala za kwenda mjini, na kila siku kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu. Husemwa kwa utulivu, mara nyingi na watu waliosoma: "Si mnaona? Hilo nalo linathibitisha." Serikali ikikaa kimya, linathibitisha. Ikitoa tamko, linathibitisha. Kiongozi wa upinzani akikamatwa, linathibitisha. Akiachiwa, basi ndiyo imethibitika kabisa kwamba wamekwisha elewana. Nimeisikia kwa watu wa chama tawala na nimeisikia kwa wapinzani, na swali langu kwao huwa moja: ni tukio gani, kama lingetokea, lingewafanya mseme kwamba halithibitishi?

Nilifundisha historia katika shule za sekondari hadi nilipostaafu, na sasa naishi karibu na Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wengi husema tabia hii imeletwa na simu. Simu imeiongezea kasi tu. Binadamu alikuwa akiokota yanayompendeza na kuyaruka yanayomuudhi kabla hajajua kusoma, na historia ya Morogoro imeitunza tabia hiyo vizuri. Sihitaji kutoka nje ya mkoa huu kuonyesha inavyofanya kazi na watu wanavyoilipia.

Naanzia mlimani. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima ya Uluguru. Wasiwasi wake ulikuwa na msingi: miteremko ni mikali, mvua ni kubwa, udongo unaporomoka, na Mto Ruvu unaanzia huko juu. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi. Waluguru wakaamriwa kuyachimba, mwaka baada ya mwaka, wapende wasipende. Tatizo ni kwamba sehemu nyingi za mlima huo udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi unaufukia ule wa juu na kuuweka hadharani ule wa chini usio na chakula cha mmea. Mkulima aliyapanda mahindi, akayaona yanadumaa, akasema hivyo.

Sasa tazama maofisa walivyoipokea habari hiyo. Waliochimba matuta walihesabiwa kuwa ushahidi kwamba mpango unakwenda vizuri. Waliokataa wakaitwa wavivu na wagumu wa kuelewa, kwa hiyo mpango ulihitaji kusukumwa kwa nguvu zaidi. Mavuno yakiwa mabaya, basi matuta hayakuchimbwa inavyotakiwa. Na watu walipoanza kukusanyika kulalamika, maelezo yalikuwa tayari: wamechochewa na TANU, chama kilichokuwa kimezaliwa Julai 1954. Kila jibu ambalo mlima uliwapa, walilitafsiri kuwa ndiyo. Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Mwaka huohuo mpango ukaachwa.

Matuta yenyewe hayakuwa uovu. Ukipanda leo upande wa Mgeta utaona mboga zimestawi kwenye ngazi zilizochongwa mlimani. Kilichokosekana kwa miaka mitano ni mtu mmoja ofisini ambaye angeuliza mapema: tukiona nini shambani, tutakubali kwamba hapa tumekosea? Swali hilo lisingegharimu hata shilingi moja.

Waluguru nao walikuwa na yao. Wapo walioamini kwamba mzungu anaandaa mashamba ili ayachukue, na mtu mwenye hofu hiyo akimwona ofisa anapima mteremko, haoni kipimo, anaona mpaka mpya wa shamba la mlowezi. Lakini siwezi kuwaweka kwenye mizani moja na maofisa. Mmoja alikuwa na polisi, mwingine alikuwa na jembe. Na juu ya udongo, mwenye jembe ndiye aliyekuwa sahihi. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu siku hizi kuna watu wanaojiona waadilifu kwa kutangaza kwamba pande zote zina makosa sawa na ukweli uko katikati. Ukweli hauna wajibu wa kukaa katikati. Mwaka 1955 ulikuwa shambani, na ulionekana kwa macho.

Nishuke sasa Mazimbu penyewe. Baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976, vijana wengi wa Afrika Kusini walikimbia nchi yao, na Tanzania ikakipa chama cha ANC shamba la zamani la mkonge hapa Mazimbu wajenge shule. Ilianza mwaka 1978, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu Aprili 6, 1979 akiwa na umri wa miaka 22. Waliojenga shule hii walikuwa na adui wa kweli. Makaburu walituma majasusi ndani ya chama, na mwaka 1977 chakula cha wapiganaji wa chama hicho katika kambi moja nchini Angola kilitiwa sumu. Mtu aliyekuwa na shaka hakuwa mwendawazimu.

Lakini shaka hiyo ilikabidhiwa kwa idara ya usalama ya chama, ambayo wapiganaji waliiita Mbokodo, na ndani ya idara hiyo ikageuka kuwa imani isiyoweza kushindwa na lolote. Mpiganaji akikiri kwamba ni jasusi, ni jasusi. Akikana, ni jasusi aliyefunzwa vizuri. Akilalamikia chakula, au akiuliza kwa nini wanakaa makambini Angola badala ya kupelekwa nyumbani kupigana, anavunja moyo jeshi, na hiyo ni kazi ya adui. Watu walifungwa na kuteswa katika kambi iliyoitwa Quatro. Mwaka 1984 wapiganaji walipoasi, uongozi ulituma kamati ya James Stuart kuchunguza. Kamati ikarudi na jibu ambalo wengi hawakulitarajia: chanzo cha uasi kilikuwa malalamiko ya kweli ya wapiganaji wenyewe. Ripoti hiyo haikutolewa hadharani hadi mwaka 1993. Kufikia wakati huo tume nyingine mbili zilizoundwa na chama chenyewe, ya Skweyiya mwaka 1992 na ya Motsuenyane mwaka 1993, zilikuwa zimethibitisha mateso. Baadhi ya waliotoka vifungoni waliletwa Dakawa, mkoa huu huu. Walikuwa wapigania uhuru, na walikuwa wameteswa na wapigania uhuru wenzao.

Ninachokionea uchungu katika habari hii ni kwamba chama hichohicho kilikuwa kimewahi kufanya kinyume chake, tena hapahapa Morogoro. Mwaka 1967 kilipeleka wapiganaji Rhodesia katika mapambano ya Wankie, na hayakuenda vizuri. Chris Hani, aliyekuwa kamanda kijana, aliporudi alisaini pamoja na wenzake waraka mkali dhidi ya viongozi wa juu: wanaishi kwa raha uhamishoni, hawana mpango, wamewasahau walio nyumbani. Jibu la kwanza lilikuwa lile la kawaida. Waliosaini waliadhibiwa, na ilikuwa rahisi kuuchukua waraka wenyewe kuwa ushahidi wa utovu wa nidhamu. Oliver Tambo hakuliacha jambo liishie hapo. Mkutano uliitishwa Morogoro, kuanzia Aprili 25 hadi Mei 1, 1969. Uongozi uliwekwa mezani ukajadiliwa. Tambo mwenyewe alijiuzulu mbele ya wajumbe, kisha wakamchagua upya. Milango ya uanachama huko uhamishoni ikafunguliwa kwa watu wasio Waafrika weusi, na Hani na wenzake wakarudishwa.

Wanahistoria huuita mkutano ule mwanzo mpya wa chama. Mimi naona jambo dogo zaidi ndani yake, na kwangu ndilo lenye thamani: walikuwepo watu waliopewa nafasi rasmi ya kusema kile ambacho chumba kizima hakikutaka kusikia, na aliyekuwa mkubwa kuliko wote alikaa akasikiliza akiwa tayari kuondoka. Miaka michache baadaye, huko Angola, nafasi hiyo haikuwepo. Watu wa chama kimoja, wenye lengo moja na mapenzi yaleyale kwa nchi yao. Nani alikuwa mwema na nani mbaya haitoshi kueleza tofauti hiyo.

Kwamba nia njema haitoshi, hilo linaungwa mkono na utafiti. Mwaka 1979 wanasaikolojia watatu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga. Wote walipewa kusoma tafiti mbili, moja ikionyesha adhabu hiyo inapunguza mauaji, nyingine ikionyesha haipunguzi. Ungetarajia walegeze misimamo. Kila kundi liliusifu utafiti uliolipendeza, likaukosoa kwa ukali ule mwingine, likamaliza likieleza kwamba linaamini kuliko mwanzo. Mwaka 1984 Lord na Lepper, safari hii pamoja na Elizabeth Preston, walirudia jaribio na kuongeza maelekezo. Kundi moja liliambiwa lisome bila upendeleo, kama hakimu. Haikusaidia. Kundi jingine liliambiwa lijiulize kila hatua: kama utafiti huuhuu, kwa njia hiihii, ungetoa jibu la kinyume, ningeuona mzuri au mbaya kiasi gani? Hao ndio waliopunguza upendeleo.

Ningependa kila mwalimu wa uraia na kila mhariri wa gazeti aitafakari tofauti hiyo. Kumwambia mtu awe mwadilifu hakumsaidii kitu, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba tayari ni mwadilifu. Mpe kitendo cha kufanya. Nikiwa darasani nilikuwa nawasomea wanafunzi wa kidato cha nne vipande vya hotuba za wanasiasa bila kutaja majina, wanaandika kama wanakubali au wanakataa na kwa nini, ndipo nataja msemaji. Vijana waliokuwa mashabiki wakubwa wa vyama ndio waliopata taabu kuliko wote. Mmoja aliniambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, ungetaja jina kwanza tusingehangaika hivi." Nilimwambia asimame alirudie taratibu, ili yeye mwenyewe alisikie. Alilisikia.

Taifa zima lilipitia mtihani wa namna hiyo mwaka 2020. Mei 3, akiwa Chato, Rais Magufuli alisema kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu zilirudi na majibu ya kuwa na corona. Waliompenda walisema: tuliwaambia, vipimo ni uongo, hakuna ugonjwa. Waliompinga walisema: tuliwaambia, anaficha. Swali ambalo lilipaswa kuulizwa na wote, yaani kipimo hicho kikirudiwa mbele ya wataalamu wa pande zote kitatoa nini, halikumvutia mtu, maana hakuna aliyekuwa na haja ya jibu. Siku chache baadaye takwimu za serikali zikasimama: wagonjwa 509, waliofariki 21. Tuliendelea kuzika, na kila msiba ukasomwa kwa miwani ya chama.

Na sasa tuna jeraha la Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi na siku zilizofuata watu walikufa, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na iliporudi kila mmoja alifungua kwanza klipu zilizoafiki alichokuwa akikiamini tangu kabla ya kuzimwa. Nimewaona watu wa ukoo mmoja wakishindwa kula pamoja. Mmoja hataki kutazama picha yoyote ya maiti, anasema zote zimetengenezwa kwa akili mnemba. Mwingine anaipokea kila idadi inayotajwa mradi ni kubwa kuliko ya jana. Nawaambia wote wawili jambo moja: marehemu ana jina, ana nyumba aliyotoka, ana watu waliomlilia. Idadi yake haiamuliwi na mapenzi yako kwa chama. Anayesema hakuna aliyekufa, aseme ni majina mangapi na makaburi mangapi yatamfanya akubali. Anayesambaza picha, aseme kwanza ilipigwa wapi, na akigundua ni ya nchi nyingine aifute na atangaze kwamba ameifuta, kwa sauti ileile aliyoitumia kuisambaza. Hawa waliofariki wanastahili ukweli wao, na hawawezi kuupata kwa watu wanaouhitaji ukweli kama silaha tu.

Nimeacha makusudi jambo ambalo ndilo kubwa kuliko yote kwa sisi wa hapa. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alikuwa akitoka Dodoma kwenye Bunge akielekea Dar es Salaam. Eneo la Wami, Dakawa, gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na kijana wa Afrika Kusini, mkimbizi wa ANC. Jioni ile Mwalimu Nyerere alitangaza msiba kupitia Redio Tanzania, na nchi ikalia. Mwezi Julai mwaka huohuo chuo kikuu kipya cha kilimo hapa Morogoro kilipewa jina lake. Mwaka mmoja tu kabla ya kifo, Sokoine alikuwa ameongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Alikuwa amegusa watu wenye mali na wenye vyeo. Kwa hiyo waliosema siku ile kwamba haya si bure hawakuwa wajinga.

Lakini miaka zaidi ya arobaini imepita, na nimeisikiliza imani hiyo kwamba aliuawa ikikua bila kukutana na kikwazo chochote. Dereva alikuwa mgeni? Ndiyo sababu alitumwa, asiye na kwao hapa. Angekuwa Mtanzania je? Ingesemwa wahujumu walimhonga. Mahakama ikimfunga, ni geresha; ikimwachia, wamemlinda. Kukiwa hakuna uchunguzi, wanaficha. Ukifanyika, ni wa kufunika. Na upande wa pili nao wana yao isiyoshindwa: kwao kila anayeuliza swali ni mchochezi, hata mtoto wa shule anayetaka kujua tu, na kuuliza kwenyewe kunahesabiwa kuwa dalili ya nia mbaya. Hao ni ndugu wa damu wa wale maofisa wa Uluguru.

Nina jirani ambaye ni dereva mstaafu wa malori. Ameendesha barabara ya Dodoma maisha yake yote ya kazi, na mahali pale Wami amepapita usiku na mchana. Anaamini kwamba Sokoine aliuawa. Mimi naamini ilikuwa ajali. Tumebishana mara nyingi bila yeyote kusogea. Safari hii sikubishana. Nilimuuliza, "Kaka, ni kitu gani ukikiona utasema ilikuwa ajali?" Alijibu haraka kwamba hakipo. Nikamwambia cha kwangu kipo: nikioneshwa maandishi, au shahidi aliyehojiwa wakati ule, kwamba kijana yule aliambiwa msafara utapita saa ngapi na akaambiwa afanye nini, nitaacha kusema ajali, na nitaliacha mbele ya watu waliokwisha kunisikia nikilisema.

Alinyamaza, tukazungumza mengine. Kesho yake asubuhi alikuja nyumbani. "Mwalimu, nimefikiri. Nataka mchoro wa ajali uliochorwa na trafiki. Nataka kuona matairi yaliacha alama kuanzia wapi, gari lipi lilikuwa upande upi, na breki zilikanyagwa umbali gani. Nikiuona mchoro nitajua. Maneno ya watu yananidanganya, barabara hainidanganyi."

Hilo ni jibu la mtu mwenye akili huru, na linaniwekea wajibu mimi pamoja na serikali. Sheria yetu ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inaweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida ambao baada yake nyaraka za umma hufunguliwa kwa wananchi. Kwa ajali ya mwaka 1984, miaka hiyo ilitimia 2014. Naomba kila kilichohifadhiwa kuhusu siku ile, mchoro, vipimo, maelezo ya mashahidi na mwenendo wa kesi, kiwekwe mahali ambapo dereva mstaafu wa Mazimbu anaweza kukaa na kukisoma bila kuulizwa anatumwa na nani. Anayewanyima watu ushahidi hana haki ya kuwalaumu kwa kuamini uvumi.

Tumekubaliana kuandika barua ya maombi, tutaisaini wote wawili. Yeye atakagua mchoro, mimi nitasoma maelezo ya mashahidi, kisha tutabadilishana.